Vidoti Vyeusi Kwenye Maji ya Nyoka

Swali: "Shikamoo Dokta. Niko Moshi, Pasua. Nina nyoka mdogo wa kahawia, wale wasio na sumu wanaofuata panya majumbani. Nilikabidhiwa na kaka mmoja ninayemsaidia kufundisha wanafunzi habari za nyoka, na kibali kipo. Ana urefu wa sentimita 40 hivi, na kwenye mzani wa jikoni alikuja gramu 25. Wiki mbili sasa anashinda ndani ya bakuli la maji, panya hataki, na chini ya bakuli naona vidoti vyeusi kama mbegu za mchicha. Vingine vinatembea mkononi kwangu. Mama anasema ni utitiri wa kuku wa jirani, anataka nyoka aondoke kabla haujaingia vitandani. Kwenye duka la dawa za mifugo wamenishauri sindano ya ivamektini, jirani kasema dawa ya kuogeshea ng'ombe, na fundi mmoja kasema nimpake mafuta ya taa. Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, ile sindano iache hukohuko dukani, na mafuta ya taa yabaki kwenye kibatari. Nyoka wako hajafika pabaya, ila yuko njiani, na katika hayo matatu uliyoshauriwa kila moja linaweza kumwahisha.

Mbegu za mchicha zimenimalizia nusu ya kazi. Huo ni utitiri wa nyoka, kitaalamu Ophionyssus natricis. Ni ndugu wa kupe na buibui, mkubwa wake ana miguu minane, na jike aliyeshiba damu anafika milimita moja au kuzidi kidogo. Kupe wa nyoka usingemfananisha na mbegu ya mchicha: ni mkubwa, bapa, ameng'ang'ania chini ya gamba mahali pamoja, na anatolewa kwa kibano mmoja mmoja. Utitiri wenyewe hautulii. Unaingia katikati ya magamba, unajikusanya kwenye ule mfereji wa chini ya kidevu, karibu na tundu la haja, na hasa kwenye ukingo wa jicho. Nyoka hana kope; jicho lake limefunikwa na gamba moja linaloonyesha kama kioo, na ule mwanya mwembamba unaolizunguka ni chumba cha kulala cha utitiri. Mtazame kwa tochi ya simu. Ukiona jicho limezungushiwa kama wanja, si wanja.

Kushinda majini ndiyo njia yake ya kujisaidia. Utitiri unazama, naye ameligundua hilo bila kufundishwa na mtu. Tatizo ni kwamba kichwa anakiacha nje apate kuvuta hewa, kwa hiyo wadudu wanaokimbia maji wanapandia kichwani.

Mwambie mama, kwa heshima zote, kuku wa jirani hawana kesi. Utitiri wa kuku hunyonya ndege usiku, kisha mchana hurudi kwenye nyufa za banda. Haufanyi maskani kwa nyoka. Huu wa nyoka nao unaweza kukuuma wewe unayemshika, ukatoka vipele vyekundu vya kuwasha kwa siku kadhaa, lakini haujengi makazi kitandani kama kunguni. Hofu ya mama ina msingi mahali pamoja tu: boksi lisikae chumba cha kulala wakati huu, na wewe ukimaliza kumshika, mikono ioshwe kwa sabuni hadi kwenye viwiko na shati libadilishwe.

Ukitaka uhakika, chukua tishu nyeupe, ilowanishe kidogo, mpitishe nyoka ndani yake taratibu kutoka shingoni kwenda mkiani, mara moja tu. Ifungue mezani. Kidoti cheusi kinachotembea kibonyeze kwa ukucha. Kikiacha doa jekundu, hiyo ni damu ya nyoka wako. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna wadudu wengine weupe, wazito wa mwendo, wanaoota kwenye maranda yenye unyevu na kula ukungu. Hao hawanyonyi mtu wala nyoka, na nimeshaona watu wakimwogesha nyoka mzima kwa sumu kwa ajili yao.

Umetoka wapi? Kwa nyoka mwingine. Utitiri huu hauzuki kwenye uchafu, na panya unaomlisha hawauleti. Unasafiri kwenye mikono, kwenye mkono wa sweta, kwenye mfuko wa kubebea nyoka, kwenye boksi la mtumba. Wewe unakwenda mashuleni na kaka yako mkiwa na nyoka kadhaa, mnawapokezana. Mpigie leo, wala usione haya, akague wote. Vinginevyo wewe utasafisha Pasua, naye atakuletea tena Jumatatu.

Sasa maisha ya mdudu mwenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukishayaelewa haya, ratiba ya matibabu utaipanga bila mimi.

Jike akishanyonya akashiba, anashuka. Anamwacha nyoka kabisa, anatafuta mahali penye giza na unyevunyevu: kona ya boksi, mfereji wa mfuniko, chini ya bakuli, ndani ya ufa wa gogo uliloweka nyoka ajifiche. Hapo anataga. Katika uhai wake anaweza kutaga mayai 60 hadi 80, kidogo kidogo, akirudi kunyonya katikati. Yai linaanguliwa baada ya siku moja hadi nne. Anayetoka ana miguu sita, hanyonyi, anajibanza tu mpaka abadilike. Hatua inayofuata ana miguu minane na ni lazima apate damu. Kisha anaingia hatua nyingine isiyonyonya, ndipo anakuwa mkubwa. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, safari yote hiyo kutoka yai ni siku 13 hadi 19. Mkubwa anaweza kuishi hadi siku 40. Na yule mdogo mwenye njaa, asipompata nyoka, anaweza kungoja zaidi ya wiki mbili, wengine hadi mwezi.

Moshi mnajua joto lenu. Juu yake umemwekea nyoka kipasha joto, bakuli la maji na maranda yaliyoloa. Utitiri ungepewa nafasi ya kuchora ramani ya nyumba yake, ungechora hiyo.

Kwa hiyo wale unaowaona mwilini ni wale walio mezani kwa saa hiyo. Wengine, pamoja na mayai yote, wako kwenye boksi. Mtu anayemwogesha nyoka na kumrudisha kwenye maranda yaleyale amewapelekea chakula kilichooshwa. Na kwa kuwa mayai hayafi kwa dawa hizi za dukani, mtu anayesafisha mara moja akashangilia, baada ya siku kumi analia. Haya mambo mawili ndiyo yanayowashinda wafugaji wengi, wala si ukosefu wa dawa.

Nirudi kwenye sindano, maana najua duka halijakushauri kwa nia mbaya. Ivamektini ya ng'ombe ina miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo kinachotajwa kwa nyoka ni miligramu 0.2 kwa kilo. Nyoka wako ana gramu 25, kwa hiyo anahitaji miligramu 0.005, yaani mililita 0.0005. Chukua bomba la insulini, lile jembamba kuliko yote famasi. Mstari wake mdogo kabisa ni mililita 0.01. Huo mstari mmoja ni mara ishirini ya dozi yake. Utasema basi tuichanganye na maji. Ile dawa yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji, ukikoroga inajitenga, na tone moja linaweza kubeba dozi ya wiki nzima huku jingine halina kitu.

Hilo silisemi kwa kusoma tu. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa chatu mchanga mwenye utitiri, nikapiga hesabu haraka, nikachanganya, nikamdunga, nikajiona daktari. Jioni shingo ilikuwa imelegea, ukimgeuza tumbo juu hajigeuzi. Asubuhi alikuwa amekufa, na utitiri ulikuwa unamshuka kutafuta kwa kwenda. Chuoni tulisoma ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa mpaka usiku wa manane; nyoka nilikuja kujifunza kwa nyoka wa watu. Tangu siku ile, nyoka aliye chini ya gramu mia simdungi ivamektini. Na kwa wenye kobe uwanjani, niongeze: kobe asiguswe nayo hata kidogo, kwake ni sumu.

Dawa ya josho imepimwa kwa ngozi ya mnyama wa kilo mia kadhaa aliyesimama kwenye upepo. Nyoka wako atalala juu yake, ndani ya boksi lililofungwa, na ataivuta. Mafuta ya taa yanababua, yanaingia kwenye kinywa na puani, na nyoka wengi, wa kwako akiwemo, wanategemea pafu moja tu la kulia. Majivu yanayonyunyiziwa kuku yakikutana na maji ni kama magadi, yataunguza macho. Mwarobaini wataniuliza wengi: sina ugomvi nao, lakini kila chungu kinatoka na ukali wake, na sijui namna ya kumpimia mtoto wa nyoka kitu kisicho na kipimo. Fulia matambara ukipenda.

Fanya hivi. Tafuta boksi la plastiki jipya, lile la kuhifadhia vyakula, lenye mfuniko wa kubana, utoboe matundu madogo kwa sindano ya moto. Ndani weka tishu nyeupe tupu, bakuli dogo la maji lisilopinduka, na kile kigogo cha karatasi kinachobaki tishu ikiisha, awe na pa kujificha. Basi. Hakuna maranda, hakuna gogo, hakuna jani la plastiki. Panaonekana pa kimaskini, lakini kila kidoti kitaonekana juu ya weupe, na kila asubuhi unatupa sakafu nzima pamoja na waliolala humo. Boksi hilo lipashwe joto upande mmoja tu, apate kuchagua.

Kabla hajaingia humo, aogeshwe. Maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30. Ukitia kiwiko yasikuunguze wala yasikusisimue. Kina kisizidi unene wa mwili wake, ili akae bila kuogelea. Dakika ishirini, na wewe ukae hapohapo. Usiende kuweka chai. Mtoto wa nyoka aliyedhoofika anachoka upesi, na amezama nyoka kwenye maji yasiyofika kifundo cha kidole. Huku akiloa, chukua pamba yenye maji, mpanguse kichwa kuelekea shingoni, mara nyingi, kwa upole. Kwenye ukingo wa jicho na mfereji wa kidevu tumia kijiti chenye pamba kilichochovywa tone la mafuta ya kula, alizeti yanatosha. Mafuta yanaziba pumzi ya mdudu. Tundu za pua usiziguse. Usimpake mwili mzima kama maandazi. Mafuta yanashika uchafu na kesho utakuwa na ugonjwa wa ngozi juu ya utitiri. Ukimaliza mkaushe kwa kitambaa na umweke kwenye boksi jipya. Maji aliyoogea utayamwaga chooni, usiyamwage kwenye maua.

Sasa boksi la zamani, ambako ndiko kuna kazi. Maranda yote kwenye mfuko, ufungwe fundo, yakachomwe siku hiyohiyo. Gogo nalo. Najua umelipenda, kila mtu analipenda gogo lake, lakini ufa wa mti hausafishiki. Boksi lioshwe kwa sabuni, kisha limwagiwe maji yaliyotoka kuchemka, polepole, kila kona, chini ya ukingo, kwenye mfereji wa mfuniko, kwenye kila tundu la hewa. Utitiri hauvumilii joto la nyuzi 55, na hapo ndipo hata mayai yanakufa. Plastiki nyepesi itapinda. Ikipinda, nunua nyingine, ni rahisi kuliko kurudia mwezi. Halafu jua kali la mchana, mpaka likauke kau. Meza iliyobeba boksi, ukuta wa nyuma, waya wa kipasha joto, vyote vipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Miguu ya meza unaweza kuisimamisha kwenye makopo ya maji yenye sabuni, kama bibi zetu walivyofanya kabati la sukari dhidi ya sisimizi.

Dawa moja ninayoikubali, kwa boksi peke yake, ni fipronili, ile ya kupulizia mbwa na paka yenye nguvu ya asilimia 0.25. Puliza kwenye kitambaa, nje, ukiwa umevaa glavu, upanguse ndani ya boksi tupu na mfuniko. Acha wazi kwenye upepo hadi siku ya pili. Ikishakauka na harufu imekwisha ndipo nyoka anaweza kuingia. Wenzangu wengine humpangusa nyoka mkubwa moja kwa moja kwa kitambaa hichohicho na anapona. Kwa mtoto wa gramu 25 sikubali: ndani ya ile dawa kuna spiriti, na ngozi yake haina ukubwa wa kuihimili. Kama dawa hiyo huipati Moshi, usihangaike. Maji ya moto na tishu vinatosha kwa nyoka mmoja, vinadai uvumilivu tu.

Ratiba: wiki ya kwanza tishu ibadilishwe kila siku, na bakuli lioshwe kwa maji ya moto. Kuoga kila siku ya tatu au ya nne. Kila siku kutamchosha. Hesabu vidoti kila asubuhi na uandike kwenye daftari. Nimewaambia watu wengi habari ya daftari wakacheka, na hao ndio wanaonipigia wakisema "bado wamo, bado wamo" bila kujua kama ni hamsini au watano. Utaona hesabu inashuka, kisha kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili inapanda kidogo. Usikate tamaa hapo, wala usikimbilie dukani. Hao ni watoto wa mayai yaliyokuwepo. Baada ya kidoti cha mwisho, endelea kwa wiki tano kamili. Mwezi kwa ajili ya yule mwenye njaa anayengoja, na wiki moja kwa ajili yangu mimi nisiyewaamini.

Akijivua gamba katikati ya kipindi hiki, una bahati. Liwahi likiwa bichi, litie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge. Wengi wataondoka nalo. Lakini kama macho yamekuwa na ukungu wa buluu, yaani anakaribia kujivua, kuoga kusubiri na vijiti vya pamba vikae mbali na macho.

Chakula usimlazimishe wiki hii. Baada ya siku saba mpe kipanya kimoja kidogo kuliko unavyompa kawaida, siku ambayo haogi. Mpime kila Jumapili. Kupungua gramu moja mbili si neno, ila akifika gramu 21, au ukimfungua mdomo ukakuta ndani kumekuwa kweupe badala ya waridi, au anapumua mdomo wazi na mapovu, hiyo si kazi ya tishu tena. Utitiri ukizidi unammalizia damu mtoto wa nyoka, na unaweza kumwingizia bakteria kwenye damu. Hapo aonwe na daktari kwa macho, siyo kwa simu.

Kibali umefanya vizuri kukitaja. Kisheria wanyamapori ni mali ya umma na hafugwi mmoja wao kienyeji tu. Kibebe siku utakayosafiri naye. Ila kwa sasa usimpandishe Coaster kuja Arusha. Siku hizi Juni na Julai asubuhi huku ni baridi kuliko kwenu, atafika amekauka kwa woga na hakuna nitakachomfanyia ambacho huwezi kukifanya hapo. Bandika vidoti vitatu vinne kwenye selotepu ya kung'aa, juu ya karatasi nyeupe, umpe mtu anayekuja huku. Nitavitazama kwenye hadubini na kukujibu siku hiyohiyo. Na yule kaka wa nyoka za mashuleni mwambie naye aniletee vidoti vya kwake.